Basi ni la nani?

Neno la Kiingereza *bus* ni mkia bila mnyama. Herufi hizo tatu zimekatwa mwishoni mwa neno la Kilatini, *omnibus*, na huko Kilatini hazikuhusu gari, safari wala magurudumu. Zilikuwa mwisho tu wa neno, wa kuonyesha kwamba kitu kimekusudiwa watu fulani. *Omnis* ni "-ote". *Omnibus* ni "kwa wote". Waingereza walipoona neno ni refu mno kulitamka kila asubuhi, wakalikata. Wakatupa "wote", wakabaki na "kwa".

Magari mengine hayakukatwa hivyo. *Cab* ni mwanzo wa *cabriolet*, aina ya gari jepesi la farasi. *Taxi* ni mwanzo wa *taximeter*, kile kifaa cha kupimia nauli. Hayo yalibaki na vichwa vyao. Basi ndilo lililopoteza sehemu yenye maana, na sehemu hiyo ilikuwa ahadi.

Nalifuatilia neno hili kwa sababu mbili. Ninafundisha ufundi wa umeme hapa Morogoro, na neno hili liko ndani ya kila paneli ninayoifungua mbele ya wanafunzi. Na nilikulia Mbagala, nikienda shule kwa daladala, ambako ile ahadi ya "wote" niliiona ikivunjwa mlangoni mwa gari asubuhi baada ya asubuhi. Mtakaposoma mkahisi nina hasira mahali fulani, mjue kweli ninayo.

Jambo moja niliweke wazi mapema, maana huwa naulizwa: basi la kupanda na "basi" la kusema inatosha hayana undugu. Hilo la pili lilitufikia kutoka upande wa Waajemi na Waarabu, zamani sana kabla gari lolote la injini halijakanyaga pwani hii. Yamekutana kwenye matamshi tu.

Gari lenyewe lilipata jina lake Ufaransa, miaka ya 1820, katika mji wa Nantes. Stanislas Baudry alikuwa na kinu cha unga kilichoendeshwa kwa mvuke, pembeni ya mji, mahali paitwapo Richebourg. Injini ya mvuke hutoa maji ya moto mengi. Baudry hakupenda yamwagike bure, akafungua bafu za kuogea kwa watu wote wanaoweza kulipa. Watu wa mjini wakaona ni mbali. Akaweka gari la farasi la kuwatoa katikati ya mji na kuwafikisha kwenye bafu. Baada ya muda akagundua kwamba abiria wengi hawaendi kuoga. Wanashukia njiani, kila mmoja kwenye shughuli yake. Mtu mwingine angewafukuza au angewapandishia nauli. Baudry alielewa kwamba kumbe biashara yake si maji, ni njia, akageukia kubeba watu.

Inasimuliwa kwamba gari hilo lilikuwa likisimama mbele ya duka la muuza kofia aitwaye Omnès, aliyeandika juu ya mlango wake *Omnes Omnibus*, akichezea jina lake mwenyewe, na kwamba watu walianza kuliita gari kwa maneno ya kibao hicho. Hadithi ni tamu, inarudiwa kila mahali, lakini ushahidi wa kibao haujapatikana, kwa hiyo mimi siiwekei uzito. Kilicho hakika ni kwamba mwaka 1828 Baudry alipopeleka magari yake Paris, yaliingia na jina la omnibus. Biashara ilikua haraka kuliko mfuko wake. Ikaja baridi kali, malisho ya farasi yakapanda bei, madeni yakamwelemea, na Februari 1830 akajiua. Huwa nasikitika kila nikifika hapa. Aliyelifikisha mjini Paris gari lenye jina la watu wote hakumaliza nalo hata miaka 2 mjini humo.

Lakini Paris ilishawahi kuwa na gari la namna hii zaidi ya miaka 160 kabla yake, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Blaise Pascal, yule ambaye wanafunzi wa fizikia wanalikuta jina lake kwenye kipimo cha kanieneo, alishirikiana na marafiki zake wenye vyeo kuanzisha magari ya farasi ya kupita njia maalumu kwa saa maalumu. Magari yalianza Machi 18, 1662. Utaratibu wao mmoja unanishangaza hadi leo: gari liliondoka saa yake ikifika, hata kama lina watu wachache, hata kama ni tupu. Aliyewahi kukaa ndani ya Haisi chini ya jua la saa saba akisubiri "wawili tu tuondoke" ataelewa ni jambo kubwa kiasi gani walilofikiria watu hao. Nauli ilikuwa sou 5, sarafu ndogo za Ufaransa ya zamani. Watu wakayaita hivyo hivyo, magari ya sou tano.

Pascal alifariki Agosti mwaka huohuo. Na magari yake yalikuwa na kasoro ambayo hakuna ratiba ingeweza kuiponya. Mahakama kuu ya Paris ilipoyaidhinisha iliweka sharti kwamba wasipande askari, wala watumishi wanaovaa sare za mabwana zao, wala vibarua wa kazi za mikono. Sababu iliyotolewa ni raha ya watu wa heshima. Yaani yule anayetembea umbali mrefu kuliko wote, aliyechoka kuliko wote, ndiye aliyezuiwa kupanda gari la kwanza la njia katika mji ule. Haikufika miaka 20, magari yakafa.

Turudi kwenye jina lile: gari la sou tano. Sisi tulifanya vilevile. Nairobi walisema matatu, kwa sababu nauli ilikuwa senti 30, sarafu tatu za senti kumikumi, na jina likabaki hata baada ya nauli kupanda mara zisizohesabika, na hata baada ya Rais Kenyatta kuyaruhusu magari hayo mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalumu. Dar es Salaam, miaka ya 1980, mabasi ya shirika la umma yalipokuwa hayatoshi, magari ya watu binafsi yakaingia barabarani kwa nauli ya shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mitaani ilikuwa ikiitwa dala. Konda akaita "dala, dala!" Jina likashika.

Mimi naona jambo hapo. Mwenye gari akilipatia gari jina, anawataja wateja, na anawataja kwa ukarimu: kwa wote. Abiria wakilipatia jina wenyewe, wanataja bei. Kati ya majina hayo mawili, la abiria ndilo lenye ukweli zaidi, kwa sababu nauli ndiyo inayoamua hao "wote" ni akina nani. Sou 5, senti 30, shilingi 5: chini ya hapo, tembea.

London nayo ilianza hivyo. George Shillibeer, fundi wa kuunda magari ya farasi, alifanya kazi Paris, akayaona ya Baudry, akarudi kwao na wazo. Julai 4, 1829, gari lake la kwanza lilitoka Paddington kwenda eneo la Bank, likivutwa na farasi watatu, likiwa na nafasi ya abiria 22, na ubavuni limeandikwa OMNIBUS kwa herufi kubwa. Nauli ya njia nzima ilikuwa shilingi 1. Shilingi ya wakati ule haikuwa ya kibarua. Waliopanda ni makarani wa benki, wafanyabiashara, watu wenye koti safi. Kilatini kilichokuwa ubavuni mwa gari wangeweza kukisoma wao, na "wote" waliokuwa ndani ni wao.

Shillibeer hakufaidi sana. Wapinzani walifurika kwenye njia yake, akafilisika, akaishia kutengeneza magari ya mazishi. Lakini neno liliota mizizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 walishakuwapo walioandika *buss*, kwa s mbili. Baadaye waandishi waangalifu wakawa wanaweka ritifaa mbele, *'bus*, kumkumbusha msomaji kwamba kuna kitu kimekatwa hapa. Ritifaa hiyo ilidumu miaka mingi, kisha ikadondoka, na pamoja nayo ikaondoka kumbukumbu ya kwamba neno hili liliwahi kuwa na mwanzo. Kuanzia hapo *bus* likawa jina la chombo, likaanza kushikamana na chochote: trolibasi, minibasi, ndege za Airbus. Wanyarwanda wakasema bisi, Waganda bbaasi, sisi basi na mabasi, na nani leo akisema "mabasi ya mikoani" anafikiria Kilatini?

Wanasheria ndio waliolishika neno lile refu kwa muda zaidi. Mwaka 1903, katika kesi ya gazeti iliyofika mahakama ya rufaa ya Uingereza, Jaji Collins alizungumzia "mtu wa kwenye omnibasi ya Clapham". Clapham ni kitongoji cha kusini mwa London. Mtu huyo hakuwapo, alikuwa kipimo. Jaji akitaka kujua kama jambo fulani lilifanywa kwa uangalifu unaotosha, anajiuliza mtu wa kawaida mwenye akili timamu angefanyaje, na huyo mtu wa kawaida walimkalisha ndani ya basi. Waliosomea sheria Dar es Salaam na Nairobi wanamjua, maana alikuja huku pamoja na sheria za Waingereza. Hebu tazameni umbali neno lilikotoka: Paris ya 1662 kibarua hatakiwi ndani ya gari; London ya 1903 aliye ndani ya gari ndiye kipimo cha ubinadamu wa kawaida. Hiyo kwangu ni hatua ya kweli, ingawa ni ya karatasi. (Na alikuwa mwanamume, bila shaka. Mwanamke wa kwenye omnibasi hakuulizwa.)

Sasa umeme, maana hapa ndipo neno lilipobaki aminifu kuliko popote.

Ukifungua paneli ya kiwandani, kabla ya kuangalia kitu kingine utaona vipande virefu bapa vya shaba, au vya alumini kama mwenye nyumba alibana bajeti. Umeme unaingia kutoka meni switchi, unapita kwenye vipande hivyo, na kila saketi breka inachukua kutoka hapo. Kipande cha fezi nyekundu, cha njano, cha bluu, na cha nyutro. Mafundi wote tunakiita basiba. Wanafunzi wangu hudhani ni kwa sababu kinasafirisha umeme kama basi linavyosafirisha watu. Sivyo, au si moja kwa moja. Mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wa vituo vya kwanza vya umeme walikiita "pao la omnibus", pao la wote: nondo moja ambayo kila jenereta inamimina ndani yake na kila saketi inateka kutoka kwake. Walikwenda kwenye maana ya Kilatini yenyewe. Halafu wakalikata neno vilevile kama abiria walivyolikata.

Kutoka kwenye umeme neno likaingia kwenye kompyuta, kwa njia ileile ya waya zinazotumiwa na vifaa vingi kwa pamoja. Ile USB unayochomeka simu kila usiku, iliyotolewa mwaka 1996, herufi yake ya mwisho ni *bus*. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kupanda gari la Shillibeer ana Kilatini cha "kwa wote" kwenye mfuko wa suruali.

Naipenda basiba kwa sababu haichagui. Breka ya taa ya chooni na breka ya mashine ya kukoboa mpunga zinashika shaba ileile, volti zilezile. Kila moja inachukua kiasi chake cha mkondo, lakini haiambiwi isubiri wengine wakae kwanza. Nikieleza hili darasani huwa napandisha sauti, na wanafunzi wanafikiri ni kwa ajili ya mtihani.

Basi, twendeni Bristol, magharibi mwa Uingereza, mwaka 1963. Kampuni ya mabasi ya mji huo iliitwa Bristol Omnibus Company. Jina zima, halijakatwa. Kampuni ya Kwa Wote ya Bristol. Na kampuni hiyo haikuwa ikimwajiri mtu mweusi wala mwenye asili ya Asia kuwa dereva au konda. Kupanda, panda, lipa nauli. Kufanya kazi ndani ya gari, hapana. Na chama cha wafanyakazi kwenye mabasi hayo kilikuwa upande uleule. Haikuwa siri, wala haikuwa kosa, kwa sababu Uingereza wakati ule haikuwa na sheria ya kuzuia ubaguzi wa rangi kazini. London, mji mkuu wa nchi hiyohiyo, ilikuwa tangu mwaka 1956 ikienda hadi Barbados kutafuta wafanyakazi wa mabasi yake.

Paul Stephenson, kijana aliyekuwa akifanya kazi na vijana mjini Bristol, alitaka jambo hili lionekane bila mahali pa kujificha. Akamwombea usaili Guy Bailey, kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Jamaica, mwenye kazi, anayesoma shule ya jioni, mwenye nidhamu isiyotiliwa shaka. Kampuni ikakubali usaili. Ilipojua kwamba anayekuja ni mtu wa Visiwa vya Karibi, ikaufuta. Stephenson na wenzake wa baraza la watu wa Karibi, miongoni mwao Roy Hackett na Owen Henry, wakatangaza mgomo wa kutopanda mabasi mwishoni mwa Aprili. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Learie Constantine, mchezaji kriketi mashuhuri aliyekuwa balozi wa Trinidad na Tobago mjini London, akasema wazi upande wake uko wapi. Agosti 27 wafanyakazi wa mabasi walikutana wakakubali kuachana na ubaguzi huo, na kesho yake, Agosti 28, 1963, meneja mkuu akatangaza kwamba umekwisha. Septemba 17 Raghbir Singh, Msikh, akaanza kazi, konda wa kwanza asiye Mzungu kwenye mabasi hayo. Sheria ya nchi ilikuja nyuma ya watu hawa: 1965 sehemu tu, na kuhusu ajira ni 1968.

Nimekaa sana na habari za Bristol kwa sababu ya lile jina la kampuni. Kwa miaka hiyo yote neno "kwa wote" lilikuwa ndani ya jina hilo, na halikumzuia mtu hata mmoja kufanya alichofanya. Wanaosema majina yanabadilisha mambo waende wakaangalie pale. Kilichobadilisha ni watu waliokubali kutembea kwa miguu.

Walijifunza hilo kutoka Montgomery, Alabama, na hadithi ya Montgomery inajulikana, sitairefusha: Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi, Desemba 1, 1955, na kabla yake Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, Machi mwaka huohuo, halafu siku 381 za mgomo. Kitu ninachotaka mkikumbuke ni ule utaratibu wa mlangoni. Abiria mweusi mara nyingi alilipa nauli mbele kwa dereva, akashuka, akazunguka kwenda kupandia mlango wa nyuma. Nauli yake ilipandia mlango wa mbele, yeye hakuruhusiwa kuifuata.

Kisha Marekani wakalifanya neno kuwa kitenzi chenye maumivu. Kuanzia mwaka 1971, mahakama kuu yao ilipokubali kwamba watoto wanaweza kupelekwa kwa mabasi hadi shule za mitaa mingine ili weusi na weupe wasome pamoja, *busing* likawa jina la ugomvi mzima wa taifa. Boston, Septemba 12, 1974, siku ya kwanza ya shule, mabasi yaliyobeba watoto weusi waliopelekwa kusoma South Boston, mtaa wa weupe, yalipigwa mawe. Watoto, na madaftari yao, ndani ya gari lenye jina la Kilatini la "kwa wote". Miaka minne baadaye, Denver, Julai 5, 1978, watu 19 wenye ulemavu, wengi kwenye viti vya magurudumu, waliyazingira mabasi kwenye makutano ya barabara za Colfax na Broadway, wakalala hapohapo barabarani hadi kesho yake, kwa sababu mabasi hayo hayakuwa na namna ya kuwapandisha. Mwaka 1990 sheria ya nchi nzima ikaamuru kila basi jipya la njia za mjini lijengwe na lifti au njia ya kupandia kiti. Hawa kumi na tisa hawakuwa na mtu aliyewakataza kwa mdomo. Ngazi tatu za mlangoni zilitosha.

Na mimi nilipokuwa sekondari, ngazi zilikuwa zinapandika. Kilichokuwa kikizuia ni mkono wa konda.

Mliokulia Dar mnajua. Mwanafunzi analipa nauli yake, pungufu, iliyowekwa na serikali. Gari linafika Rangi Tatu, linajaza watu wazima kwanza. Sare nyeupe na bluu zimesimama pembeni, zinasubiri. Kisha konda anainama mlangoni: "Madenti wawili tu!" Tuko ishirini. Anayewahi ni mwenye viwiko. Ukifanikiwa kuingia hukai hata kiti kikiwa wazi. Kiti ni cha anayelipa kamili, na anayelipa kamili akipatikana njiani utasogezwa. Wasichana tulikuwa na mzigo wa ziada, maana walikuwapo makonda waliojua kwamba msichana aliyechelewa mara nyingi atashukuru kwa kuachiwa nafasi, na wakaigeuza shukrani hiyo kuwa deni. Shuleni unafika kengele imeshalia, mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo, na "daladala zilikataa" haikuwa sababu. Tulichapwa kwa kosa la mlango wa gari.

Nimesikia utetezi wa makonda, na sehemu yake naikubali. Tajiri anataka hesabu yake ya siku ikamilike jioni, iwe mvua iwe jua. Abiria 30 wa nauli ya mwanafunzi hawajazi hesabu. Konda hana mkataba, hana mshahara wa uhakika, anakula kinachobaki. Ukimwekea mzigo wa kusafirisha watoto wa taifa zima kwa nusu bei bila kumfidia mtu yeyote, umemtupia konda kazi ya serikali. Hiyo ni kweli. Lakini mtoto naye hakuwa upande wowote wa hesabu hiyo. Alikuwa anakwenda kusoma.

Mwendokasi ulipoanza Dar Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, nilipanda mara ya kwanza kwa ajili ya kutazama milango tu. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Tiketi inakatwa kabla ya kufika mlangoni, kwa hiyo mlangoni hakuna anayeuliza umelipa kiasi gani. Mengi yanalalamikiwa kuhusu mabasi hayo, foleni na msongamano, na wanaolalamika wana haki. Ila kuutenganisha mlango na nauli ni fikra sahihi kabisa, na ningependa kuiona kwenye kila njia nchini, kwa sababu mwanafunzi akishafika mlangoni akiwa abiria kama wengine, konda hana cha kuchagulia.

Kwa wazazi wa Morogoro na kwingineko ambao watoto wao bado wanagombania Haisi asubuhi: nauli ya mwanafunzi iko kwenye viwango vinavyotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, si hisani ya konda. Mfundisheni mtoto kuishika kichwani namba ya usajili wa gari lililomkataa, pamoja na njia na saa. Asigombane na mtu, arudi nayo nyumbani, na ninyi muipeleke ofisini kwao kwa maandishi.